Uzi: Mahjong haikubuniwa na Confucius. Ilizaliwa bandarini, na kila ilipofika watu waliiandika upya

kete13 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiuliza humu mahjong inachezwaje, anajibiwa "tafuta picha mbili zinazofanana, gusa, zinafutika". Hiyo ya kwenye simu ni mchezo mwingine kabisa. Uliundwa mwaka 1981 na Mmarekani Brodie Lockard kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO, na mwaka 1986 kampuni ya Activision ikauuza kwa jina la Shanghai. Alichukua kete za Wachina, yaani vibao vidogo mithili ya dhumna, kanuni akatunga mwenyewe. Unacheza peke yako, kimya. Mahjong yenyewe, ule mchezo wa mezani wa Kichina, inataka watu wanne, meza na kelele.

Nimeifuatilia historia yake kwa muda mrefu, na kuna jambo linaniuma. Ukifungua kurasa nyingi utaambiwa ilibuniwa na Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, eti ina umri wa miaka 2,500. Habari hiyo ilipigiwa debe na wafanyabiashara wa miaka ya 1920 waliokuwa wakiuza maboksi ya mchezo huu Marekani na Ulaya. Walijua mzungu wa wakati ule atatoa pesa zaidi akiambiwa ananunua hekima ya kale ya Mashariki. Mpaka leo watu wanaikariri.

Ukweli ni kwamba mahjong kama tunavyoijua haijatimiza hata miaka 200. Mababu zake ni karata. Enzi za ufalme wa Ming (1368 hadi 1644), Wachina walikuwa na mchezo wa karata 40 ulioitwa madiao, wenye aina nne, na aina zote zilihusu fedha. Baadaye, enzi za ufalme wa Qing uliofuata, ikaja michezo ya kuokota na kutupa karata ili kukusanya mafungu, jamaa ya rami. Humo zikabaki aina tatu: sarafu moja moja, sarafu zilizotungwa kwenye kamba, na elfu kumi kumi. Sasa chukua kete za mahjong uzitazame. Miduara ni sarafu, zile za shaba za Kichina zenye tundu katikati. Vijiti ambavyo watu wengi huviita mianzi ni kamba za sarafu. Na kete zenye maandishi zinasomeka elfu kumi moja, elfu kumi mbili, mpaka tisa. Kwa hiyo mezani mnachanganya fedha tupu, kutoka senti hadi utajiri.

Zilihamaje kutoka karatasi kwenda mfupa? Mji wa Ningbo, jimbo la Zhejiang, unamtaja mwenyeji wake Chen Yumen, aliyezaliwa 1817, kwamba ndiye aliyezigeuza karata kuwa kete mwaka 1864. Wana makumbusho ya asili ya mahjong ndani ya Tianyi Ge, maktaba ya kale iliyojengwa karne ya 16. Wanahistoria wengi hawakubali kumpa mtu mmoja sifa yote, na mimi niko upande wao: mchezo wa namna hii hutoka mikononi mwa watu wengi. Lakini eneo na wakati vinaingia akilini. Ningbo ni moja ya bandari tano zilizofunguliwa kwa nguvu kwa wageni baada ya Mkataba wa Nanjing wa 1842, pamoja na Shanghai, Fuzhou, Xiamen na Guangzhou. Vita ya Taiping, uasi mkubwa ndani ya China, ilikuwa inaishia 1864 na watu wa majimbo mbalimbali walikuwa wamejazana kwenye miji hiyo. Seti za zamani kabisa zilizobaki zilichukuliwa China miaka ya 1870 na George Glover, Mmarekani aliyekuwa ofisa wa forodha kule, na zina kete ambazo leo hakuna anayezitumia. Maana yake mchezo ulikuwa bado unapikwa.

Nitaendelea. Karibuni.

Baharia Mstaafu

Uzi mzuri kijana. Mimi nimeona watu wakicheza hii Hong Kong na Singapore miaka yangu ya melini, ila sikuwahi kuelewa nani anashinda na kwa nini. Kelele zake zilinikumbusha baraza la dhumna Forodhani. Tueleze kidogo kanuni kabla hujasonga.

kete13

Shikamoo mzee. Nitaeleza kwa ufupi, maana kanuni zinataka uzi wao.

Seti kamili ina kete 144. Aina tatu nilizotaja zina kete 108, kwa sababu kila namba kuanzia moja hadi tisa ipo mara nne. Kuna kete 16 za pepo: Mashariki, Kusini, Magharibi, Kaskazini, kila moja mara nne. Kuna 12 ambazo wageni waliziita majoka: nyekundu, kijani na nyeupe. Nane za mwisho ni maua na majira ya mwaka, na sehemu nyingi huziondoa, zikabaki 136.

Kete zinafunikwa, zinachanganywa kwa viganja, halafu kila mtu anajenga ukuta mbele yake, kete mbili juu kwa juu, urefu 18. Kuta nne zinaunda mraba. Kila mchezaji anachukua kete 13. Kisha ni kuokota moja ukutani na kutupa moja katikati, zamu ikienda upande wa kulia. Anayeshinda ni yule anayekamilisha kete 14: mafungu manne na jozi moja. Fungu ni kete tatu zinazofanana, au tatu zinazofuatana za aina moja, mfano sarafu 4, 5, 6.

Utamu uko kwenye kete zinazotupwa. Kete niliyoitupa mimi unaweza kuidaka ukaimalizia fungu lako, lakini ukiidaka lazima ulifunue hilo fungu mezani, na wote wanaona unakoelekea. Ukikaa kimya unaficha mpango wako ila unachelewa. Kila raundi unachagua kati ya haraka na siri. Fundi wa kweli haangalii kete zake tu. Anasoma kilichotupwa na watatu wengine, anajua mmoja anakusanya kamba, mwingine amekwama, na anashikilia kete ya hatari mpaka mwisho hata kama inamharibia mkono wake, yaani kete alizoshika.

dada wa Tanga

Samahani kaka, nina swali. Kete hizi si ndizo zilikuwa zikitengenezwa kwa pembe za ndovu? Nimeona mtandaoni watu wanauza seti za zamani na kusema ni pembe. Sisi huku tunajua tembo wetu walikwenda wapi.

kete13

Swali zuri sana dada, na limenipeleka moja kwa moja kwenye Marekani.

Seti za pembe zilikuwepo, za matajiri. Lakini idadi kubwa ya zile zinazoitwa pembe ni mfupa wa ng'ombe uliounganishwa na mgongo wa mwanzi. Ukiona vistari vidogo vyeusi au vitobo kwenye uso wa kete, huo ni mfupa. Pembe ina mistari inayopishana kama wavu. Wauzaji wengine wanajua tofauti na bado wanadanganya, kwa hiyo msinunue kwa maneno.

Sasa sikilizeni hii ya mifupa. Joseph Park Babcock alikuwa mfanyakazi wa Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Marekani, mjini Suzhou, China. Yeye na mkewe waliupenda mchezo, akarahisisha kanuni, akazichapisha mwaka 1920 kwenye kijitabu chekundu, akasajili jina Mah-Jongg kama alama yake ya biashara, na kwenye kona za kete akaongeza tarakimu na herufi ili asiyesoma Kichina aweze kucheza. Ndipo moto ukawaka. Duka la Abercrombie & Fitch la New York likatuma watu China kununua kila seti waliyoiona. Mwaka 1923 kampuni ya Parker Brothers ikachukua haki za Babcock. Mafundi wa Shanghai wakaishiwa mifupa, na ikabidi mifupa ya miguu ya ng'ombe isafirishwe kutoka machinjio ya Chicago mpaka Shanghai, ichongwe huko, kisha irudi Marekani ikiwa kete. Ng'ombe wa Illinois akavuka Pasifiki mara mbili ili mtu wa Illinois apate kitu cha "Mashariki ya kale".

Na hapa naomba tusipite haraka. Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wakivaa kanzu za hariri za Kichina kwenye karamu za mahjong, sheria ya mwaka 1882 ya kuzuia Wachina kuingia Marekani ilikuwa bado inafanya kazi, na ilifutwa 1943 tu. Mchezo wao unakaribishwa sebuleni, wenyewe wanazuiwa bandarini. Mimi hili siwezi kulisoma kama habari ya burudani tu. Na ile hadithi ya Confucius iliwafaa kwa sababu hiyohiyo: Mchina wa vitabuni, aliyekufa miaka 2,400 kabla yao, hakuwasumbua kama Mchina aliye hai mwenye duka la kufua nguo mtaa wa pili.

Wimbi lenyewe lilipoa kabla ya 1930. Kila kampuni ilikuwa na kanuni zake, watu wakichezea nyumba mbili tofauti wanagombana, bei zikaanguka, maboksi yakapanda juu ya makabati.

Nusu Shilingi

Mkuu, historia nzuri ila tuambiane ukweli. Hii si kamari tu? Nimeishi na Wachina kwenye mradi wa ujenzi, usiku ni pesa mezani. Unaipamba.

kete13

Siipambi mkuu. Kamari imo, na imekuwamo tangu mwanzo. Wachina wenyewe wamelumbana kuhusu hilo kwa ukali kuliko wewe. Mwanafalsafa Hu Shi, baada ya safari yake ya Ulaya na Marekani ya 1926 na 1927, aliandika makala ya hasira. Alisema China ilikuwa na maovu makuu matatu, yaani kasumba, kufunga miguu ya wanawake na zile insha za mtihani wa serikali, na sasa la nne ni mahjong. Akapiga hesabu: tukisema nchi nzima kuna meza milioni moja tu kwa siku, kila meza ikicheza raundi nane za nusu saa, zinateketea saa milioni nne kila siku. Alichokiona ni taifa lililobaki nyuma huku watu wamekaa wanapanga kete.

Baada ya 1949 serikali ya Chama cha Kikomunisti iliupiga vita mchezo kwa sababu ya kamari, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, ulihesabiwa kuwa uchafu wa zamani. Kukutwa na seti nyumbani kulikuwa hatari. Miaka ya 1980 ukarudi hadharani, na mwaka 1998 mamlaka ya michezo ya China yenyewe ikatoa kanuni rasmi za mashindano: mikono 81 inayotoa alama, na huruhusiwi kushinda kama mkono wako haujafikisha alama 8. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba mahjong inaweza kuwa mchezo wa akili bila senti mezani. Mwaka 2002 mashindano ya dunia yakafanyika Tokyo, na 2005 Ulaya wakaanza ya kwao Nijmegen, Uholanzi.

Halafu pesa mezani haina maana moja kila mahali. Ufilipino, watu wanacheza mahjong kwenye mkesha wa msiba, na sehemu ya fedha inayochezwa wanapewa wafiwa kusaidia mazishi. Wewe ungeiita kamari, mfiwa anaiita rambirambi. Mimi naona wote wawili mna hoja.

Nusu Shilingi

Hiyo ya msiba sikuijua. Nimekuelewa, ingawa mimi pesa mezani bado siziafiki.

Mtu wa Chengdu

Wakuu, mimi nasoma hapa Chengdu, Sichuan. Niongeze kidogo kwa sababu hapa ndipo mahjong imelala na kuamka.

Zile kanuni rasmi za 1998 sijaona mtu wa mtaani akizitumia. Hapa wameondoa pepo, majoka na maua, wanacheza na kete 108 tu. Na mtu akishinda mchezo hausimami. Yeye anakaa pembeni, watatu wanaendelea, akishinda wa pili wanabaki wawili, mpaka apatikane mmoja wa mwisho ambaye hajashinda. Wanaita pigano la damu mpaka mwisho. Pia lazima kila mtu atangaze mapema aina moja atakayoiacha, huwezi kushinda ukiwa bado unayo.

Kwenye bustani za chai wazee wamekaa tangu asubuhi, chai inaongezwa maji tu. Wanawake ni wengi kama wanaume. Jirani yangu mama mmoja alinikalisha nyuma yake nimwangalie akicheza, akawa ananionyesha kidole kwenye kete bila kusema kitu. Kichina changu cha darasani hakijanipa marafiki wengi kama kile kiti cha nyuma ya mama yule.

Kitu kingine: meza siku hizi ni za umeme. Kete mnazisukumia kwenye tundu la katikati, zinachanganywa chini, kuta nne zinapanda zimeshajengwa. Inaokoa muda kwelikweli.

kete13

Asante sana mkuu, ushuhuda huu ndio nilikuwa nautafuta. Hizo meza za umeme zilianzia Japani miaka ya 1970. Zina faida moja kubwa, kupanga wizi wa kete ni vigumu. Lakini ziliua kazi ya watu. Mashine inataka kete za plastiki za kipimo kimoja, zenye sumaku ndani. Hong Kong wachongaji wa mkono wamebaki wa kuhesabika, watu waliotumia maisha yao kuchonga kwa kisu ndege anayekaa kwenye kete ya kamba namba moja, kete nne kwa kila seti.

Kuhusu Japani yenyewe: mchezo ulifika na Nakawa Hikosaku, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha Sichuan, aliporudi na seti yake mwaka 1909. Miaka ya 1920 kumbi zikafunguliwa Tokyo, na mwandishi Kikuchi Kan akawa rais wa kwanza wa shirikisho lao mwaka 1929. Baadaye Wajapani wakaigeuza kabisa. Ukiwa umebakiza kete moja kushinda na hujafunua kitu, unaweza kutangaza hadharani, unaweka kijiti cha alama 1,000 mezani, na kuanzia hapo huruhusiwi kubadilisha mkono wako. Kete unazotupa zinapangwa mbele yako kwa safu za sita sita ili kila mtu asome historia yako. Na kama kete unayoisubiri ulishaitupa wewe mwenyewe, huwezi kushinda kwa kuidaka kwa mwingine. Sheria hiyo moja inawapa wapinzani mahali pa kujificha, na imeufanya ulinzi kuwa sanaa. Tangu 2018 wana ligi ya wachezaji wa kulipwa inayoonyeshwa moja kwa moja.

Mwaka 2014, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Strasbourg, Wajapani walichukua ubingwa wa timu na wa mtu mmoja mmoja. Timu ya China ikawa ya 37, na mchezaji wao aliyefanya vizuri zaidi akashika nafasi ya 30. Mitandao ya China iliwaka moto. Wapo waliosema ni aibu ya taifa. Mimi naona watu wa Chengdu wangewajibu vizuri: pale zilitumika zile kanuni rasmi za 1998, ambazo nyumbani karibu hakuna anayezicheza.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Wanangu, mimi niko New Jersey, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kila wiki bibi zangu wanatoa kete zao na kadi ndefu iliyokunjwa, na hapo hata dawa zinasubiri. Wengi ni Wayahudi, wana miaka zaidi ya themanini. Niliwauliza wakasema mama zao walikuwa wakicheza hivihivi. Nikabaki nashangaa Wayahudi na mchezo wa Kichina wapi na wapi.

kete13

Shikamoo Bi Mkubwa. Umeleta kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye historia hii.

Wimbi lilipopoa, waliobaki na mchezo Marekani hawakuwa makampuni. Mwaka 1937 kundi la wanawake Wayahudi wa New York walianzisha National Mah Jongg League. Tatizo lao lilikuwa lilelile la kugombania kanuni, wakalitatua kwa kadi: kila mwaka chama kinachapisha orodha ya mikono inayoruhusiwa kushinda, na mwaka unaofuata inabadilika. Ndiyo hiyo kadi ndefu unayoiona. Mapato ya mauzo yalisaidia kazi za hisani, na kadi zilisambazwa kupitia vikundi vya wanawake vya masinagogi. Majira ya joto familia zilikwenda milima ya Catskills, wanaume wakabaki mjini kazini katikati ya wiki, wanawake wakakaa na watoto na kete. Hivyo ndivyo mabinti walivyojifunza.

Watazame tena utaona wanapitishiana kete tatu tatu kabla ya kuanza, na wana kete nane za jokari, kwa hiyo seti yao ni 152. Mchina akikaa pale itabidi afundishwe upya. Ni mahjong yao kabisa, wameitunza zaidi ya miaka themanini, na hakuna aliyewatuma.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Marahaba mwanangu. Jokari nimeziona. Na wanakasirika mtu akichelewa kutupa!

dada wa Tanga

Sisi tuko wanne nyumbani na tunataka kujaribu. Tuanzie wapi? Hizi kanuni zimekuwa nyingi.

kete13

Dada, anzeni na za Hong Kong. Nunueni seti ya kawaida ya plastiki, yenye tarakimu kwenye kona. Wekeni maua pembeni mbaki na 136, kwa hiyo kila ukuta utakuwa na urefu wa 17 badala ya 18. Michezo ya mwanzo msihesabu alama kabisa, shindaneni tu kukamilisha mafungu manne na jozi. Mkishazoea, wekeni sharti kwamba mkono wa kushinda uwe na thamani fulani. Hong Kong wengi hudai alama tatu kabla ya kukuruhusu kushinda, na hapo ndipo utaanza kufikiria kukusanya aina moja tu au mafungu ya majoka.

Jambo moja mkubaliane kabla ya kete ya kwanza: mtu akitupa kete, ikashindaniwa na wawili, anayeitaka ili kushinda ndiye wa kwanza. Anayefuata ni anayetaka tatu zinazofanana. Wa mwisho ni anayetaka mfululizo, na huyo lazima awe ndiye mwenye zamu inayofuata. Ugomvi wa wanaoanza unaanzia hapo. Mkikwama kwenye mkono wowote, pigeni picha muweke hapa, mimi na Mtu wa Chengdu tutawasaidia kuusoma.